Mpaka wa Mwisho Aketi

Sebule ya Fundi ilikoma kuwa sebule siku meza ya kushonea ilipohamia mle ndani. Robota za vitambaa vya mapazia zilipanda ukutani karibu zifike dari, na mgeni aliyetaka kuketi ilibidi kwanza ahamishe kitu. Hata hivyo kila alasiri rafiki zake wawili hawakukosa pa kukaa. Mmoja alikuwa Nesi wa zahanati ya jirani, mwanamke mwembamba aliyezoea kuamuru hata nyumbani kwa watu. Wa pili walimwita Mama Sufuria. Huyu alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, mnene na mcheshi, na salamu yake ya kwanza kwa mtu yeyote ilikuwa kumuuliza amekula nini.

Soga zao zilizunguka mambo yale yale: mifugo ya nyumbani, ndugu wanaokuja kutembea, na chakula. Nesi alikuwa na kasuku aliyejifunza kulia kama simu, na mwenyewe akawa anatoka bafuni mbio na povu kichwani bila sababu. Mama Sufuria alifuga mbwa kwa ajili ya wezi, lakini yule mbwa hakumbwekea mtu yeyote isipokuwa mume wa Mama Sufuria. Nesi alisema basi mbwa anaijua kazi yake vizuri, na siku hiyo walicheka mpaka Fundi akachomwa na sindano. Kisha walihamia kwa shemeji wa Nesi, aliyekuja kupumzika mwisho wa wiki na sasa alikuwa na ufunguo wake mwenyewe. Halafu wakaingia kwenye ule ugomvi wao wa siku zote, kama chumvi ya maharage hutiwa mwanzo au mwisho.

Fundi yeye alikuwa na visa vya Karani. Karani alikuwa paka mkubwa wa kijivu. Alipewa jina hilo kwa sababu ya namna alivyoketi dirishani, mgongo wima, akimtazama kila apitaye kama mtu anayesubiri kuonyeshwa kitambulisho. Hakuwa paka wa Fundi hasa. Alikuwa wa mama mkwe wake.

Bi Mkubwa, kama rafiki wale walivyomwita, alilala chumba cha nyuma. Macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na kivuli tu. Kumbukumbu nayo ilikuwa ikienda na kurudi kama mtu asiye na shughuli. Mwanawe, mume wa Fundi, alifariki na kuwaacha wanawake hao wawili chini ya paa moja bila mtoto. Ndugu wengi walitarajia Fundi atafunga virago na kumwacha bibi wa watu. Hakufunga. Alijifunza kumwogesha, kumchana nywele, kumkata kucha. Ilipopita miaka, wale waliotarajia mabaya walianza kumtaja kama mfano, naye sifa hiyo aliilinda kama mtu anavyolinda nguo yake nyeupe. Lakini ukweli ulikuwa mwepesi zaidi ya sifa. Katika nyumba ile, Bi Mkubwa ndiye peke yake aliyekuwa akimwita mwanangu.

Ujana wake wote Bi Mkubwa alikuwa mlezi wa bweni la wasichana. Alisimamia ukumbi wa chakula wenye meza ndefu, na sheria yake ilijulikana na kila mwanafunzi: hakuna kijiko kinachoinuka mpaka wa mwisho aketi. Awe mgonjwa, awe amechelewa kutoka kufua, almradi imesemwa anakuja, atangojwa. Na mlezi mwenyewe alikula baada ya wote. Sasa bweni lilikuwa limemponyoka kichwani pamoja na mengine mengi. Lililobaki ni paka. Kila mlo Karani alipanda kwenye kiti cha pembeni, Bi Mkubwa akampapasa masikio kuhakikisha amefika, akamwekea kipande chake kwenye kisahani, kisha akasema, "Haya, tuanze." Hapo alikula vizuri, bila kubembelezwa.

Halafu jirani mmoja akatega sumu ya panya. Panya alikula sumu, Karani akala panya. Fundi alimkuta asubuhi nyuma ya tangi la maji, amekauka, macho wazi. Alikaa chini pale pale kwenye simenti yenye unyevu, akawapigia rafiki zake, nao wakaja, mmoja na sare yake ya kazi, mwingine bado ana unga mikononi. Walimfunga paka kwenye kipande cha mahameli kilichobaki kwenye mapazia ya hoteli, wakamzika kando ya ukuta. Kisha wakasimama kunong'ona.

Nesi alisema bibi asiambiwe. Alikumbusha jinsi habari ya kifo cha mwanawe ilivyomwangusha, akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Kwa umri huu, alisema, moyo hauwezi kubeba pigo la pili hata kama ni la paka. Mama Sufuria naye aliunga mkono. Mtu asiyeona na anayesahau, alisema, ukimwambia paka yuko nje anazunguka, kesho hata hatauliza. Fundi hakuwa na nguvu ya kubishana. Maneno yao yalikuwa ya upendo, na yalimwondolea mzigo ambao hakujua angeuanzia wapi.

Mchana ule Bi Mkubwa alinyoosha mkono kwenye kiti cha pembeni, akapapasa hewa. "Yuko wapi?"

"Anakuja, Mama. Yuko nje anazunguka."

"Basi ngoja kidogo," alisema Bi Mkubwa, akaweka mikono mapajani.

Chakula kilipoa. Fundi alikipasha moto, akakileta tena. Ngoja kidogo. Jioni hivyo hivyo. Ukimpa maji aliyanywa, na chai nyepesi aliinywa, maana kinywaji hakikuwa mlo. Lakini sahani ikiwekwa mbele yake, alisukuma kijiko kando kwa adabu na kusema aachiwe kwanza. Fundi alimwambia Nesi kwamba hamu ya chakula imekatika. Nesi alipima shinikizo la damu, akasikiliza kifua, akatazama ulimi. Hakuona ugonjwa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Mama Sufuria alilichukua jambo lile kama tusi kwa kazi yake. Alileta supu ya kuku aliyoichemsha mpaka mifupa ikalainika. Alileta viazi vya kuponda vyenye siagi, samaki aliyechambuliwa miiba yote, uji wa maziwa, mayai ya kuvurugwa. Alisimama mlangoni na kuvieleza vyakula vyake kama anayenadi sokoni, na Bi Mkubwa alimsikiliza, akamsifia harufu ya mapishi, akamshukuru. Kisha akasema, "Weka hapo, mama. Ngoja kidogo." Siku moja tu Fundi alifaulu kumwingiza vijiko vya uji kinywani kwa hila, akimwambia ni dawa. Ndiyo yaliyokuwa mafanikio yao.

Nesi akaja na wazo lake, kwamba huenda ni upweke wa kukosa paka tu. Alimwazima paka wa mtunza stoo wa zahanati, paka dume mwembamba mwenye hasira, akambeba ndani ya kapu huku analaani. Wakamweka kwenye kile kiti. Bi Mkubwa alimgusa masikio, akatulia, akamgusa tena.

"Huyu si wetu," alisema kwa upole. "Mrudisheni kwao, mama yake anamtafuta."

Paka akamkwaruza Nesi, akatorokea dirishani. Walimsaka mtaa mzima na kipande cha samaki mpaka wakamrudisha kwa mwenyewe. Mama Sufuria alisema, ukijumlisha kasuku na shemeji, Nesi amekwisha pata hifadhi ya wanyama, imebaki awauzie watu tiketi. Hakuna aliyecheka.

Mwili wa Bi Mkubwa haukuwa na akiba. Pete yake ya ndoa ilianza kudondoka, Fundi akaifunga uzi kwa ndani. Mifupa ya mabega ikajichora chini ya kitambaa. Alisinzia kitini mchana kutwa, na ukimwamsha aliuliza swali lile lile, na Fundi alijibu jibu lile lile, kwa sauti iliyozidi kuchangamka kadiri moyo ulivyozidi kuzama. Kwenye cherehani alikosea vipimo. Pazia la mteja mmoja lilitoka fupi mpaka likaonyesha magoti ya watu ndani ya nyumba yao.

Kisha wifi yake akapiga simu. Binti huyu wa pekee wa Bi Mkubwa aliishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari, na kazi yake ilikuwa kukagua mizani za madukani. Mama Sufuria alipenda kusema mwanamke yule hukupima kabla hujamaliza kumwamkia. Wifi alisema amesikia kwa binamu kwamba mama yake ni mgonjwa. Fundi akasema ni mafua tu.

"Nakuja Jumapili," alisema wifi yake. "Na nakwambia mapema wifi, tusije tukalaumiana. Nikimkuta amekonda, naondoka naye."

Fundi alibaki na simu mkononi. Aliiona nyumba bila ile sauti ya chumba cha nyuma inayouliza nani ameingia. Aliwasikia pia ndugu wa mume, wale wale waliokuwa wakimtaja kama mfano, wakipeana habari: kumbe alikuwa akimshindisha njaa. Mambo yote mawili yalimjia kwa pamoja, asijue lipi linamuuma zaidi.

Aliyoyafanya siku zilizofuata yalikuwa ya mtu aliyefikwa na maji shingoni. Alilichukua gauni la Bi Mkubwa la kutokea, lile la rangi ya zambarau ambalo sasa lilimpwaya kama limeanikwa juu ya kiti, akafumua mishono ya ubavuni na kuibana upya. Akapunguza mabega, akafupisha mikono, akatia bitana nene kifuani. Alishona vizuri kuliko alivyowahi kumshonea mteja yeyote. Lengo lilikuwa gauni lijae, lionekane limekutana na mwili wa mtu anayekula. Alipomvika Jumapili asubuhi, alirudi nyuma na kutazama, na kwa kweli ukiwa umbali ule usingejua. Juu yake akaongeza sweta.

Mama Sufuria alipika tangu alfajiri. Nesi alikuja na vidonge vya kuongeza hamu, na sare mpya, ili wifi aone nyumba ina mtu wa tiba. Walikubaliana maneno. Bibi amekula asubuhi vizuri sana, ndiyo maana mchana hana njaa. Wote watatu wangesema hivyo hivyo.

Wifi aliingia na mfuko wa matunda. Alimwamkia Fundi vizuri, wakakumbatiana, wakaulizana ya safari. Kisha akaenda kwa mama yake, akapiga magoti na kumkumbatia. Alikaa vile kitambo kirefu. Fundi aliona mkono wa wifi ukipanda na kushuka juu ya mgongo wa sweta, ukisimama kila mahali penye mfupa. Gauni lilidanganya macho. Mikono haikudanganyika.

Wifi aliinuka. Alifuta macho kwa kiganja, akauliza kama meza iko tayari.

Walikaa. Palikuwa na wali, mchuzi wa kuku, mboga za majani, na ule uji wa maziwa pembeni. Bi Mkubwa aliketi mwisho wa meza. Kando yake kiti kimoja kilikuwa kitupu. Hakuna aliyekigusa, kwa mazoea tu.

"Mama amekula sana asubuhi," alianza Nesi.

"Sana," alisema Mama Sufuria. "Mpaka nikamwambia aniachie na mimi."

Wifi alimpakulia mama yake hata hivyo, akamwekea kijiko mkononi. Bi Mkubwa alikilaza kando ya sahani. Akanyoosha mkono kwenye kiti kitupu, akapapasa. Wifi akauliza, "Mama, mbona huli?"

"Wenzako wameketi?"

"Wote tumeketi, Mama."

"Bado mmoja," alisema Bi Mkubwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kueleza jambo lililo wazi. "Mwanangu huyu amesema anakuja. Siku zote anasema anakuja. Nami namngoja, lakini leo nina njaa sana."

Mama Sufuria aliweka chini kijiko cha kupakulia. Hapo ndipo Fundi alipoelewa. Hakuwa amekosa hamu, bibi huyu. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameketi kwenye meza ile mlo baada ya mlo, njaa inamtafuna, mbele ya supu na samaki na mayai, akitii neno alilopewa na mtu anayemwamini. Kila neno "anakuja" lililotoka kinywani mwa Fundi lilikuwa limemfunga mikono.

Nesi alimkanyaga mguu chini ya meza. Macho yake yalisema si sasa, si mbele ya huyu. Ingetosha kusema anakuja kwa mara moja zaidi, mgeni aondoke, kisha waelezane wenyewe ndani. Aibu ingebaki humu humu. Fundi alijua hivyo, na kwa muda wa kumeza mate alilitaka sana jambo hilo. Kisha akasogeza kiti chake akamshika Bi Mkubwa mkono wenye pete iliyofungwa uzi.

"Mama, haji. Karani amekufa. Alikula panya mwenye sumu. Nilikudanganya."

Nesi alikuwa amekwisha simama, kidole tayari kwa mapigo ya mkono wa bibi. Bi Mkubwa aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka.

"Amezikwa?"

"Amezikwa, Mama. Ndani ya mahameli."

"Nani alikuwepo?"

"Mimi na hawa rafiki zangu."

Bi Mkubwa alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke, kisha akapapasa meza kwa ule mkono mwingine mpaka akakipata kijiko. "Haya," alisema. "Tuanze."

Alikula. Alikula uji wote, kisha akaomba wali, na mchuzi ukamchuruzika kidevuni, na Nesi ikabidi amzuie asile kwa haraka tumbo lisije likashtuka. Mama Sufuria alilia waziwazi, huku anachambua nyama ya kuku na kuisogeza karibu. Ulikuwa ushindi waliousaka kwa mapishi yote, na hakuna aliyeweza kuufurahia, kwa sababu wifi alikuwa hajala hata punje, anamtazama Fundi.

Mama Sufuria alijaribu. Alisema wazo lilikuwa lao wote watatu, na kama ni lawama igawanywe. Nesi alianza kueleza habari za moyo na umri. Fundi akawazuia. Mdomo uliosema ulikuwa wake, na hakutaka wageni wasimamie mambo ya ukoo wa mumewe.

Wifi alimwita jikoni. Hakupandisha sauti. Alisema anajua Fundi amemtunza mama miaka yote hii, na yeye mwenyewe hakuwepo, na hilo hatalisahau mbele ya ndugu. Aliahidi kwamba habari ya paka haitatoka nyumbani humo. Kisha akasema lile alilokuja kulisema.

"Ungeniambia kwamba mama hali chakula, wifi, ningekuja tukahangaika pamoja. Lakini ulimshonea gauni. Nitalalaje mimi, kila nikipiga simu, nikijiuliza leo umeshona nini?"

Fundi alizishika kingo za sinki, akayatazama masufuria. Jambo lenyewe lilikuwa kweli, na lilisemwa na mtu asiyemtakia mabaya. Hata nafasi ya kukasirika hakuachiwa.

Walisema Bi Mkubwa aende na binti yake kwa mwezi mmoja, mpaka apate nguvu. Nesi na Mama Sufuria waliitikia ndiyo, mwezi mmoja, kama watu wanaojua kwamba mwezi huo hauna mwisho. Fundi alikunja nguo mwenyewe. Alitia na kisahani cha paka, akakitoa, akakitia tena, mwishoni akakitoa. Lile gauni la zambarau alimvua, akamvika la zamani linalopwaya. Alimwonyesha wifi jinsi ya kumshika wakati wa kumwogesha, upande upi haulaliki, na kwamba chai huipenda vuguvugu.

Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango. Walimkalisha Bi Mkubwa kiti cha mbele, wakamfunga mkanda. Majirani walisimama wakatazama, na Fundi alijinyoosha mgongo, akawaamkia kwa majina ya watoto wao, kama siku nyingine yoyote. Injini ilipowaka, Bi Mkubwa alitoa mkono dirishani akapapasa mpaka akaukuta wake.

"Na wewe unakuja?"

Wifi aliinamisha macho kwenye usukani. Jibu jepesi lilikuwa tayari ulimini. Tangulia Mama, nakuja nyuma. Lingemfanya mzee aondoke kwa amani, lingewaridhisha majirani, lingempa hata Fundi mwenyewe kitu cha kushika jioni ile. Na huko aendako, kwenye meza ngeni, wangemwekea sahani, naye angelaza kijiko kando.

"Siji, Mama," alisema Fundi. "Ule bila mimi."

Ule mkono ulimbana kwa nguvu ambayo hakujua bado imo. Kisha ukalegea, na gari likaondoka.

Rafiki zake hawakuondoka. Walikaa kati ya robota, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na la kusema, si la mbwa, si la shemeji, si la maharage. Mama Sufuria alipakua chakula kilichobaki, hakikuliwa. Usiku ulikuwa umeingia zamani simu ilipolia, na Nesi, aliyezoea kudanganywa na kasuku, alikuwa wa mwisho kugeuka. Aliyepiga alikuwa wifi. Wamefika salama, alisema, na wamekwisha keti mezani.

"Amekula?" aliuliza Fundi.

"Amekula. Kwanza alikuulizia."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba huji."

Fundi alimshukuru, akaiweka simu juu ya meza ya kushonea. Alilia kwa sauti, huku wenzake wamemshika huku na huku. Kisha Mama Sufuria akamsogezea sahani, akamwekea kijiko mkononi.